Ngozi ya Dhamana

Kayole, Nairobi
3 Februari 2025

KWA MKONO: duka la Saad la dawa za mifugo, Spine Road

Bi. Hikma Fahim,

YAH: KUHARIBIWA KWA MBWA WANGU

Mimi ni Mbaluka Ndete, karani mstaafu wa mahakama za Makadara. Nimekaa masjala miaka thelathini na mmoja na sijawahi kuitwa ofisini kwa kosa la kuandika. Nakueleza hilo mapema ujue hii si barua ya mtu wa kuropoka. Nimeiacha kwa Saad kwa sababu nimeambiwa hupitishi wiki bila kufika dukani kwake. Nambari yako ya simu ninayo lakini sitapiga. Maneno ya simu watu huyakana. Ya karatasi hayakaniki.

Jumamosi tarehe 11 Januari wewe na shirika lenu mlipiga hema hapa uwanjani kuwafunga kizazi mbwa wa mtaa bila malipo. Nilimleta mbwa wangu Dhamana, jike, mweusi tititi, miaka sita. Marehemu mke wangu Kanyiva alimwokota langoni mwa mahakama siku aliyoniletea chakula cha mchana, akaja naye hadi masjala ndani ya kikapu. Tangu Kanyiva anitoke, kitu kingine kinachopumua ndani ya nyumba yangu ni huyo mbwa. Sikumleta kwa kupenda. Mwenye ploti alilalamika kwamba mbwa dume wa mtaa mzima wanalala langoni kwake, akasema ama Dhamana afungwe kizazi ama aondoke kabla Januari haijaisha.

Fomu niliijaza mwenyewe, vifungu vyote, saini juu yake. Mbwa alikuja mzima. Wewe ndiye uliyempasua.

Sasa ungemwona. Manyoya yamemtoka mgongoni na makwapani. Ngozi nyekundu, inatoa maji, inanuka hadi ngazini. Anajikuna mpaka damu. Jirani yangu Jecinta alimtazama akapiga kofi, "Wololo, Mzee, hawa watoto wa shirika wamekuharibia mbwa!" na ploti nzima inasema vivyo hivyo. Ukimtoa mnyama kizazi, damu ya uzazi inakosa njia, inatokea kwenye ngozi. Hata asiyesoma anaelewa hilo.

Mwenye ploti sasa anasema mbwa mgonjwa ni mbaya kuliko mbwa mwenye wachumba. Amenipa hadi Pasaka. Mbwa asipopona, anaondoka, na hapa kwetu mbwa akiondoka huwa haendi mahali, huwekewa sumu tu.

Nataka jibu kwa maandishi: ulimfanya nini mbwa wangu? Nakala nimempelekea msimamizi wako. Nasikia watu wanakuita daktari. Mimi nitangoja ushahidi.

M. Ndete

---

Lucky Summer, Nairobi
7 Februari 2025

Shikamoo Mzee Mbaluka,

Saad alinipa barua yako bila kuniangalia usoni, nikajua si ya heri.

Dhamana namkumbuka. Alinilamba kifundo cha mkono kabla sindano haijamshika. Pole sana, Mzee, na pole kwa mama Kanyiva.

Swali lako nalijibu bila kuzunguka mbuyu. Kufunga kizazi kunaweza kugusa ngozi ya mbwa? Kunaweza, kidogo. Wengine, hasa wenye manyoya marefu, manyoya yao hubadilika baadaye yakawa laini laini kama ya kitoto cha mbwa. Wachache sana hunyonyoka kwa sababu homoni zimepungua, lakini hao hunyonyoka taratibu, kwa miezi, upande huu na upande huu sawasawa, na hawajikuni. Wengine hunenepa, mikunjo ya ngozi ikashika uchafu. Lakini damu haiwezi kukosa njia tumboni ikatokea mgongoni, Mzee wangu. Hiyo si kweli, hata ploti nzima ikiapa.

Ngozi inayowasha, nyekundu, yenye maji, ndani ya wiki tatu, ni mambo mengine. Mara nyingi ni upele. Unaletwa na utitiri, wadudu wadogo ambao jicho haliwaoni, na mara nyingi huwa walikuwepo tangu zamani. Mwili ukichoka, na upasuaji unachosha, wao huamka.

Ndiyo maana nakuuliza, na usinikasirikie: kabla ya Januari alikuwa anajikuna? Kuna mahali palikuwa pameanza kunyonyoka? Na umempaka kitu chochote? Watu hupaka mbwa mafuta ya taa, dawa ya kuoshea ng'ombe, oili chafu ya gereji. Si watu wabaya. Ndivyo walivyoona kwao tangu utotoni. Lakini vitu hivyo vinachoma ngozi, na mbwa akijilamba vinashuka hadi ini. Mficha maradhi kifo humuumbua. Nikijua ukweli, najua pa kuanzia.

Ningekuja mwenyewe kesho. Lakini ile nakala kwa msimamizi imefanya kazi yake: nimeambiwa nisikupigie simu wala nisikanyage kwako mpaka malalamiko yasikilizwe. Barua hawakuitaja, basi naandika.

Mwanao,
Hikma Fahim

---

Kayole
10 Februari 2025

Bi. Hikma,

Umeniuliza maswali kama wakili wa upande wa pili. Nimewasikiliza mawakili miaka thelathini na mmoja. Swali lenye mtego nalijua likiwa bado liko mlangoni.

Majibu yako haya hapa. Hakuwa anajikuna. Hakuna palipokuwa pamenyonyoka. Sijampaka kitu ila maji na sabuni ya kipande. Fomu unayo, soma kifungu cha nne, kimeandikwa kwa wino.

Ati oili ya gereji! Ebo! Unanichukua mimi kuwa mtu wa aina gani? Mimi nimeshika Biblia nikawapa watu elfu na elfu waape juu yake. Nimewaambia kwa mdomo huu, "Kabla hujatia saini, soma tena." Leo mtoto wa juzi ananiuliza kama nampaka mbwa takataka za injini.

Jumapili tarehe 16 tuna mkutano wa wakazi uwanjani. Nitasimama, nitasema, na kila mwenye mbwa atasikia.

M. Ndete

---

Lucky Summer
24 Februari 2025

Shikamoo Mzee,

Ulisimama. Mimi sikuwepo, lakini video ilinifikia kabla hata hujarudi kwako. Nimeitazama mara nyingi kuliko inavyonifaa. Sehemu ya ngozi sikuumia nayo sana, nilikuwa nimejiandaa. Ni pale mwisho, ulipochukua kipaza sauti kwa mara ya pili: "Na mtanieleza, Mwislamu gani huyu anayeshika mbwa? Kama dini yake mwenyewe ameitupa, mbwa wangu angemhurumia?" Watu wakacheka. Mtu mmoja akapiga mluzi.

Nikwambie kidogo kuhusu nyumba yetu. Baba yangu, Mzee Fahim, hakuipenda kazi hii. Lakini tangu siku ya kwanza, kila jioni huniwekea mlangoni ndoo ya maji na bakuli la mchanga, nioshe mara saba pale mbwa waliponilamba, kama tulivyofundishwa, ndipo niingie tule. Hajawahi kuniambia kwamba ananiunga mkono. Mimi nilikuwa naiona ile ndoo na inanitosha.

Jumatatu walimwonyesha video msikitini. Nilirudi jioni nikakuta mlango mtupu. Nilijitekea maji mwenyewe, nikala peke yangu. Ni wiki nzima sasa.

Jumamosi iliyopita tulipiga hema Kayole tena. Walikuja mbwa wawili. Wenye mbwa wengine walisimama mbali wakitutazama, mmoja akatupa jiwe likagonga gari.

Kamati ya shirika itanisikiliza Alhamisi tarehe 20 Machi. Mkataba wangu utaamuliwa hapo. Lakini sikuandikii unionee huruma. Naandika kwa sababu ya Dhamana. Mpeleke mtaa wa Umoja kwa Daktari Irungu, ndiye aliyenifundisha kazi. Nimeshazungumza naye, hatakuuliza habari zangu. Atakwangua ngozi kidogo, aitazame kwa hadubini, ajue ni nini. Tafadhali, Mzee. Pasaka si mbali.

Hikma

---

Kayole
3 Machi 2025

Bi. Hikma,

Yako nimeipata. Mbwa anaendelea vizuri. Sioni haja ya kuendelea kuandikiana.

M.N.

---

Lucky Summer
11 Machi 2025

Shikamoo Mzee,

Umesema tusiandikiane, nami nakuvunjia amri mara hii moja tu. Tuko katika mfungo, na kuna jambo nimelibeba tangu Januari. Kila nikinuia kufunga linanisuta.

Dhamana alikuwa mbwa wa thelathini na tisa siku ile. Msimamizi alitaka arobaini, maana arobaini ilishaandikwa kwenye ripoti hata kabla hatujafika Kayole. Mafuta ya jenereta yalikuwa yanaisha. Nilipomgeuza nimnyoe tumbo, glavu zangu zilitoka na weusi unaoteleza. Nikanusa. Mzee, mimi nimekulia nyuma ya gereji. Harufu ya oili iliyotumika naijua kama harufu ya jikoni kwetu. Na kwapani niliona ngozi imekuwa ngumu, imepasuka, eneo la kiganja changu.

Nilipaswa kusimama pale pale. Nilipaswa kutoka nje ya hema nikwambie: Mzee, huyu atibiwe ngozi kwanza, kizazi kitangoja. Mbwa wa ngozi mgonjwa hapasuliwi kwa haraka haraka chini ya hema. Mwili wake tayari uko vitani. Badala yake nilimsafisha tumbo mara mbili, nikapasua, nikashona. Halafu kwenye fomu ile ile yako, chini, sehemu ya daktari, palipoandikwa "Hali ya ngozi", nikaandika "Sawa".

Basi nilipokuuliza kama umempaka kitu, nilikuwa nauliza swali ambalo jibu lake ninalo. Nilitaka wewe useme ili mimi nisiseme. Nimekuacha ukajifunga mwenyewe kwa maneno, nikikutazama. Naona haya, Mzee. Naona haya hata kumwomba baba yangu ndoo.

Tarehe 20 nitaiambia kamati nilichokiandika na kwa nini. Habari ya oili sitaitaja, hiyo ni yako. Nitasema nilimpasua mbwa mgonjwa kwa sababu ya nambari. Wakinifukuza, watakuwa na haki.

Mpeleke tu kwa Irungu. Hilo ndilo naomba.

Hikma

---

Kayole
17 Machi 2025

Daktari Hikma Fahim,

Marahaba, mwanangu. Umeniamkia mara tatu na mara zote tatu nimenyamaza. Mtu mzima asiyeitikia salamu ya mtoto ana kitu kinaoza ndani. Kilikuwa kinaoza.

Dhamana alianza kujikuna Novemba. Kwapani pale pale ulipopaona. Nilienda gereji iliyo nyuma ya stendi, fundi akanimiminia oili chafu kwenye kopo langu la zamani la kakao. Kwetu Kitui baba alipaka mbwa wake hivyo, na baba yake pia, na sikuwahi kuuliza wale mbwa waliishia wapi. Nilimpaka Novemba, nikampaka Desemba mara mbili. Alilia. Alijilamba, akatapika juu ya mkeka wa Kanyiva. Nikasema dawa ndiyo inafanya kazi. Na kwa vile ni mweusi, hakuna aliyeona kitu.

Siku ya hema nilimwosha alfajiri kwa sabuni ya kipande, nikamkausha kwa leso ya Kanyiva. Nikiwa kwenye foleni nilimsikia kijana wenu akimwambia mtu wa mbele, "Mbwa wa upele arudi nyumbani, atibiwe kwanza." Nikamfikiria mwenye ploti na Januari yake. Fomu ikaja. Kifungu cha nne: Je, mbwa ana ugonjwa wowote wa ngozi? Nikaandika "Hana". Mkono haukutetemeka hata kidogo, Daktari. Nimewaona wezi wa kuku wakitetemeka kwa kuandika jina lao, na mimi mkono ulitulia.

Kwa hiyo karatasi ni moja na ina uongo mara mbili, wangu juu na wako chini. Lakini usijidanganye kwamba tuko sawa. Wangu ndio uliotangulia.

Baada ya wewe kumpasua nilimpaka tena. Mara tatu. Kidonda cha tumbo nilikiruka, mahali pengine pote nikapaka. Ndipo manyoya yakaanguka na harufu ikatoka, na Jecinta akaja na neno lake la watoto wa shirika. Aliniletea uongo ukiwa tayari umepikwa, mimi nikaketi nikala. Ningesema nini? Kwamba Mzee Ndete wa mahakama ndiye anayenukisha ngazi?

Na lile neno la dini yako. Usifikiri lilinitoka kwa hasira. Nililiandaa. Nililiandika nyuma ya bili ya maji, nikalifanyia mazoezi mbele ya kioo, kwa sababu nilijua habari ya ngozi peke yake haina miguu na nilihitaji watu wacheke. Hilo ndilo linaloniamsha. Mengine naweza kusema nilikuwa mjinga. Hilo sikuwa mjinga.

Barua yangu ya tarehe 3 nayo ilikuwa uongo. Siku hiyo hiyo nilikuwa nimetoka kwa Daktari Irungu. Alimpangusa Dhamana shingoni kwa pamba, pamba ikawa nyeusi. Akaniuliza, "Mzee, hii ni nini?" Nikasema, "Vumbi." Aliiweka ile pamba juu ya meza kati yetu, akaendelea na kazi yake ikiwa pale. Utitiri ameuona. Na ngozi imeungua, na ini limechoka. Amempa dawa. Amesema atapona akiachwa apone. Akarudia: "Akiachwa." Nikarudi nyumbani nikakuandikia kwamba mbwa anaendelea vizuri.

Barua yako ya tarehe 11 niliisomea dukani kwa Saad, nimesimama. Saad aliniletea kiti bila kuuliza. Wewe, wa umri wa kitinda mimba wangu, ulikuwa tayari kupoteza kazi na bado unanifichia langu.

Jana, Jumapili, mkutano ulikuwa tena. Nilisimama. Nilisema oili, nikasema kopo, nikasema kifungu cha nne. Nikasema neno lile la dini nililitunga ili wacheke, na kwamba msichana anayenawa mara saba ndipo ale na baba yake anaishika dini yake kuliko mimi ninavyokishika kiapo changu. Safari hii pia walicheka, ila walinicheka mimi. Jecinta alisema kwa sauti, "Na mimi Mzee ukaniacha nitangaze mtaa mzima!" Ana haki. Watoto wa ploti sasa wananiita Mzee Oili. Leo asubuhi niliitwa hivyo nikiwa na tai shingoni.

Tai ilikuwa ya kwenda Makadara. Nilitaka hati ya kiapo, si barua. Pale masjala yuko Mideva, niliyempokea akiwa hajui hata kupanga faili. Sasa yeye ndiye mkubwa. Alifurahi kuniona, akaita na wenzake. "Mwalimu amekuja!" Nikampa karatasi. Alisoma. Wale wenzake wakarudi mezani kwao mmoja mmoja. Alipomaliza aliigeuza ikanielekea, akanipa kalamu, akasema polepole, bila ubaya wowote, "Mzee, kabla hujatia saini, soma tena."

Nikasoma tena, yote, mbele yake. Sijawahi kusoma karatasi ndefu kama ile, na ni ukurasa mmoja.

Nakala ya kamati imeshapelekwa. Yako ni hii. Sikuombi msamaha kwa sababu ungeutoa upesi, nakuona ulivyo.

Mbaluka Ndete

---

Lucky Summer
1 Aprili 2025

Shikamoo Baba Mbaluka,

Idi imetukuta salama, na kazi ninayo bado.

Hati yako waliisoma kwa sauti, kisha nikasema yangu. Nilipofika kwenye nambari arobaini, msimamizi alianza kutafuta kitu kwenye mkoba wake na hakukipata mpaka kikao kikaisha. Nimepewa onyo la maandishi na miezi miwili ya kufanya kazi chini ya daktari mwingine. Sikukata rufaa. Kuanzia sasa ngozi ya kila mbwa itakaguliwa na mtu wa pili kabla mbwa hajalazwa mezani. Sheria hiyo imeletwa na Dhamana ingawa jina lake halimo.

Mimi bado nikijaza fomu na kufika "Hali ya ngozi" kalamu inasimama. Namrudia mbwa, namfunua kwapa, naangalia tena. Wenzangu wanafikiri ni bidii.

Video yako ya pili nayo ilifika msikitini. Ile ya kwanza ilichukua siku moja. Hii imechukua kumi. Alhamisi iliyopita nilirudi jua linazama, nimechoka, nina kiu, nikakuta ndoo mlangoni. Bakuli la mchanga kando yake, na sabuni mpya ambayo bado iko kwenye karatasi. Nilinawa mara saba huku nalia, nikapoteza hesabu, nikaanza upya. Nilipoingia baba alinisogezea tende, akasema, "Yule mzee wa mbwa, anaishi peke yake?" Nikamjibu ndiyo. Akatikisa kichwa. Basi.

Biriani ya Idi iko kwa Saad, ndani ya bakuli la bluu. Iwahi leo. Baba anasema nyama ni ya kwako, mbwa apewe mifupa.

Dhamana ana manyoya?

Mwanao,
Hikma

---

Kayole
22 Aprili 2025

Mwanangu Hikma,

Marahaba. Bakuli la bluu liko kwa Saad, limeoshwa. Mwambie Mzee Fahim nimeona heshima yake, na kwamba siku nitakayopata uso wa kumtazama nitakuja hadi mlangoni kwenu. Nitanawa kabla ya kubisha.

Dhamana ana manyoya. Mgongoni ni mafupi, yamesimama kama ya fisi, na kwapani bado pako wazi lakini pakavu. Hajikuni. Daktari Irungu amesema ini limerudi njiani. Nilimuuliza, kwa kuwa watu bado wananiuliza mimi, kama kufungwa kizazi kutamharibia manyoya yajayo. Akasema huenda yakaota laini kuliko ya zamani, huenda yasiote laini, tungoje tuone. Sijawahi kufurahi hivi kuambiwa na daktari kwamba hajui.

Pasaka ilipita. Mwenye ploti alikuja Jumatatu, akainama, akamnusa, mtu mzima na suti yake. Akasema, "Huyu akae." Jecinta alikuwa ngazini akapiga vigelegele. Yeye na mimi tumepatana, au tuseme amechoka kunisema. Watoto hawajachoka. Waache.

Kuna jambo moja nataka ulijue, maana wewe utalielewa. Nakunywa kakao kila jioni, ni desturi ya Kanyiva, sikuiacha. Kopo la kakao hufunguliwa kwa mpini wa kijiko. Kifuniko hutoa mlio fulani, kop. Lile la oili lilikuwa la aina hiyo hiyo. Nikilifungua tu, popote alipo, hata akiwa amelala, Dhamana anainuka na kuingia chini ya kitanda. Hangurumi. Anajikunja ukutani kabisa, ananitazama miguu.

Juzi nililala kifudifudi sakafuni nikamwita. Nikamwonyesha kijiko, nikamwonyesha kakao, nikailamba mbele yake aone ni chakula. Nikamwomba radhi kwa Kikamba, kwa Kiswahili, kwa Kiingereza cha mahakamani. Wewe nimekuandikia, mkutano nimeuhutubia, kamati ina hati yenye muhuri. Yeye nitampelekea karatasi gani? Alikaa kule mpaka nilipotoka nje nikakaa ngazini, ndipo nikasikia kucha zake sakafuni, akaja akalala mlangoni, umbali wa mkono mmoja na kidogo.

Kakao nimempa Jecinta, na kopo lake. Siku hizi nakunywa chai tu, strungi.

Baba yako wa Kayole,
Mbaluka